Propela ya mashine ya boti: chagua kwa mizunguko, si kwa mazoea

Mashine mbili za farasi 40, zilizotoka kiwanda kimoja na kontena moja, zinaweza kufungwa propela tofauti kabisa na zote zikawa sahihi. Moja inasukuma boti ya fiberglass ya mita 6 inayowapeleka wageni wanne kupiga mbizi. Nyingine iko tezi, yaani nyuma, ya mashua ya mbao ya mita 10 inayorudi na nyavu, barafu, mabaharia wanane na samaki. Ndiyo maana lile swali linaloulizwa kila siku kwenye maduka ya vipuri, "mashine ya 40 inavaa propela namba ngapi?", halina jibu mpaka muulizaji aseme mashine iko kwenye chombo gani na chombo kinabeba nini.

Propela iliyokuja na mashine ndani ya boksi ni makisio ya kiwanda. Kiwanda hakikuiona boti yako. Makisio hayo mara nyingi yanafaa boti nyepesi yenye mzigo wa kawaida, lakini kwa vyombo vya uvuvi na vya abiria vya kwetu, ambavyo hujazwa mpaka maji yakaribie ukingo, propela hiyo huwa kubwa mno.

Kipimo cha kuamua ni kimoja. Boti ikiwa na mzigo wake wa kawaida, mafuta yakifunguliwa mpaka mwisho, mizunguko ya injini iangukie ndani ya kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Yamaha ya farasi 15 ya stroki mbili, ile iliyojaa kuanzia Tanga hadi Kilwa, kiwango chake ni mizunguko 4,500 hadi 5,500 kwa dakika. Mashine nyingi za stroki nne za ukubwa huo ni 5,000 hadi 6,000. Ikishindwa kufika, propela ni nzito kwa boti hiyo. Ikipitiliza, ni nyepesi. Kasi haiamui jambo hili. Boti inaweza kwenda vizuri tu huku injini ikiumia.

Namba zilizopigwa chapa

Sugua chumvi na rangi kwa brashi ya waya kwenye kitovu cha propela, au kwenye panga mojawapo, utakuta kitu kama hiki: 9 1/4 x 9 3/4 - J. Namba ya kwanza ni kipenyo, yaani upana wa duara linalochorwa na ncha za mapanga: inchi 9 na robo. Ya pili ni pichi: umbali ambao propela ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja kama isingeteleza, mithili ya skrubu inavyoingia kwenye mbao. Hapa ni inchi 9 na robo tatu. Baadhi ya viwanda hutanguliza idadi ya mapanga, kwa hiyo 3 x 9.25 x 10 ni mapanga matatu, kipenyo 9.25, pichi 10.

Herufi ya mwisho, kwa Yamaha, inaonyesha familia ya kitovu. J ni ya mashine za 9.9 na 15; G ni ya 40 hadi 60. Familia hizi hazibadilishani. Kinachozitenganisha ni idadi ya meno ya shafti, unene wa shafti, urefu wa kitovu na njia ya kutolea moshi. Ukipeleka propela ya kampuni moja kwenye mashine ya kampuni nyingine kwa sababu tu "imeingia", angalia mara mbili. Propela inaweza kuingia kwenye meno lakini ikakaa mbele au nyuma kuliko inavyotakiwa. Hapo kitovu kitasugua nyumba ya gia, au nati itakosa uzi wa kutosha.

Kipenyo hakikupi nafasi kubwa ya kuchagua, kwa sababu mashine ndogo zina nafasi ndogo kati ya shafti na lile bamba la mlalo lililo juu ya propela. Kwa farasi 15 karibu propela zote ni inchi 9 na robo. Kinachobadilishwa ni pichi: kuna ya 8, ya 9, ya 9 3/4, ya 10 1/2 na kuendelea hadi 12.

Hata hivyo kipenyo kina nguvu za ajabu. Nguvu inayohitajika kuzungusha propela hupanda kwa kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara tano. Ukipunguza propela ya inchi 11 iwe ya inchi 10 na nusu, kwa hesabu hiyo mzigo unashuka kwa takribani asilimia 20, wakati macho yanaona umekata kipande kidogo tu. Mafundi wanaokata ncha za mapanga kwa grainda ili "kuipunguzia mashine mzigo" wanajua inafanya kazi, na ni kweli inafanya. Tatizo ni kwamba ncha iliyokatwa inabaki nene na butu, na mapanga matatu yasipokatwa sawasawa kwa milimita, propela inatikisa. Mtikisiko huo unaishia kwenye beringi na sili za shafti. Bei ya kuzifungua hizo ni kubwa kuliko propela mpya yenye pichi ndogo.

Hesabu ya pichi na utelezi

Shafti ya propela haizunguki kasi sawa na krenki, yaani shafti kuu ya injini. Gia zilizo chini hupunguza mizunguko. Kwa Yamaha ya 15 uwiano ni 2.08, maana yake krenki ikizunguka mara 2.08, propela inazunguka mara moja.

Tuseme injini inazunguka 5,000 kwa dakika na pichi ni 9.75. Gawanya 5,000 kwa 2.08: propela inazunguka mara 2,404. Zidisha kwa 9.75, kisha gawanya kwa 1,215. Hiyo 1,215 ndiyo inayogeuza inchi kwa dakika kuwa noti, yaani maili za baharini kwa saa. Jibu ni noti 19.3, au kilomita 35.7 kwa saa. Hiyo ni kasi ya kwenye karatasi, isiyo na utelezi.

Sasa boti ikiwa majini simu yako inaonyesha noti 15. Tofauti ya 4.3 ukiigawa kwa 19.3 unapata asilimia 22. Huo ndio utelezi. Usiuogope: propela isiyoteleza hata kidogo haisukumi. Boti nyepesi iliyonyanyuka juu ya maji huteleza kati ya asilimia 10 na 20 hivi, na iliyobeba hupanda zaidi. Ukikuta chini ya sifuri, umekosea uwiano wa gia, pichi au kipimo cha mizunguko. Ukikuta asilimia 45 kwenye boti ya fiberglass ambayo jana ilikuwa inaruka, kuna kitu kimeharibika, na tutakifikia.

Nzito mno, nyepesi mno

Propela yenye pichi kubwa mno ndiyo kosa la kawaida zaidi, na ndilo baya zaidi kwa sababu halina kelele. Injini inavuma kwa sauti ya chini, haifoki, nahodha anaridhika. Ndani yake mambo ni mengine. Umeifungulia mafuta yote lakini mizunguko imekwama 3,800. Silinda zinapokea mchanganyiko mwingi kwenye mwendo mdogo, mwako unadumu muda mrefu juu ya pistoni, joto linapanda, na mafuta huanza kulipuka kabla ya wakati wake. Kaboni inajijenga kwenye ringi na kwenye tundu la kutolea moshi. Ringi zinanata, kompresheni inashuka, na siku moja pistoni inatobolewa. Fundi akifungua atasema oili ilikuwa chache au petroli ilikuwa chafu. Inawezekana. Lakini kama pistoni ya pili nayo imekwenda ndani ya msimu uleule, tazama propela.

Dalili nyingine ni boti kuchelewa kunyanyuka. Omo, yaani mbele ya boti, linaelekea juu, tezi inazama, mawimbi makubwa nyuma, na inabaki hivyo mpaka mtu mmoja ahamie mbele. Petroli inaliwa bila kuleta mwendo. Mashine ya 40 ya stroki mbili ikifunguliwa yote hunywa takribani lita 15 hadi 20 kwa saa, inyanyuke isinyanyuke.

Propela yenye pichi ndogo mno inafanya kinyume. Boti inaondoka kwa nguvu, inanyanyuka haraka, kisha injini inapiga kelele kali huku mwendo hauongezeki. Mashine mpya zenye kompyuta hujizuia kwa kukata cheche zikifika mwisho wa kiwango, utasikia zinakatakata. Zile za kabureta za zamani, nyingi hazina kinga hiyo. Zinapitiliza mpaka beringi ya mkono wa pistoni ishindwe. Ila kuna tofauti moja kubwa: nahodha anaweza kurudisha mafuta kidogo akabaki ndani ya kiwango. Mwenye pichi kubwa hana la kufanya isipokuwa kushusha mzigo. Kwa hiyo ukiwa kati ya namba mbili na huwezi kuamua, kwa chombo cha kazi chukua ndogo.

Kupima

Unahitaji takomita, yaani kipimo cha mizunguko, na simu yenye GPS. Kama mashine haina takomita, zipo ndogo za kidijitali ambazo waya wake unazungushiwa juu ya waya wa plagi mizunguko michache, hazigusi umeme moja kwa moja. Lazima uziweke kwenye mpangilio sahihi wa cheche. Stroki mbili hutoa cheche moja kwa kila mzunguko wa krenki kwenye kila silinda. Stroki nne, kutegemea mfumo wake, hutoa moja kwa kila mzunguko au moja kwa kila mizunguko miwili. Ukikosea mpangilio, utasoma nusu au mara mbili ya ukweli: mtu anaona 2,500 anadhani injini imekufa, kumbe ni 5,000.

Kabla ya kwenda majini hakikisha injini ni nzima. Plagi zote zinachoma? Ukifungua mafuta mpaka mwisho, vipepeo vya kabureta vinafunguka kweli mpaka mwisho, au kebo imelegea? Silinda moja iliyolala itakufanya ununue propela ndogo usiyoihitaji. Angalia pia chini ya boti. Ukoga na magamba yaliyoota kwa miezi miwili yanatosha kushusha mizunguko mia kadhaa, na dawa yake ni kulipandisha boti ufukweni na kulikwangua, si duka la vipuri.

Pakia mzigo halisi. Kwa wavuvi hapa ndipo penye utata wa kweli, maana boti inatoka nyepesi na kurudi nzito. Pima safari ya kurudi, au weka madumu ya maji yenye uzito uleule. Dumu la lita 20 ni kilo 20. Chagua siku ya maji mafu, asubuhi kabla ya upepo, mahali pasipo na mkondo. Fungua mafuta polepole mpaka mwisho, subiri mizunguko itulie kwa nusu dakika, andika mizunguko na kasi. Geuza, rudi njia ileile, andika tena, chukua wastani. Kipimo cha upande mmoja wakati wa bamvua kinaweza kukudanganya kwa noti mbili au zaidi.

Rudia ukiwa mtupu, ili ujue propela hiyo itapitiliza kiasi gani wakati wa kutoka.

Kanuni inayotajwa sana ni kwamba kila inchi moja ya pichi hubadilisha mizunguko 150 hadi 200. Kanuni hiyo imetokana na mashine kubwa zenye pichi 17, 19, 21. Kwenye propela ya pichi 9, inchi moja ni sehemu ya tisa ya propela nzima, kwa hiyo badiliko ni kubwa zaidi: tegemea 300 au hata zaidi. Mfano: boti ya fiberglass ya mita 7, mashine ya 40 yenye kiwango cha 4,500 hadi 5,500, propela ya pichi 13. Ikiwa na mzigo inafika 4,200. Ukishuka hadi pichi 11, kwa makisio ya 250 kwa inchi, utafika kama 4,700. Uko ndani, lakini kwa ukingo wa chini. Kwa chombo kinachobeba kila siku ni afadhali kulenga katikati kwenda juu, 5,000 hadi 5,300, kwa hiyo jaribu ya 10 kabla hujalipa. Wauzaji wanaojua kazi yao hukubali propela irudishwe ikiwa haijakwaruzika; ulizia hilo mwanzoni, si baadaye.

Mashua na mitumbwi ya mbao

Hesabu zote za juu zinafikiria boti inayonyanyuka. Chombo kirefu chembamba cha mbao, chenye mkuku na tumbo la mviringo, hakinyanyuki hata ukikifunga farasi 60. Kasi yake ya mwisho inatawaliwa na urefu wake kwenye maji: chukua kipeuo cha pili cha urefu kwa mita, zidisha kwa 2.43. Chombo cha mita 8.5 kinapata takribani noti 7. Ukilazimisha zaidi ya hapo unachimba shimo la maji nyuma, na petroli yote inaishia humo.

Sasa weka hapo mashine ya 15 na ile propela yake ya pichi 9 3/4. Kwa mizunguko 4,500 kasi ya karatasi ni noti 17.4, chombo kinakwenda 6.5. Utelezi ni zaidi ya asilimia 60. Propela inakoroga. Hapa unataka pichi ndogo kuliko zote zinazopatikana kwa familia hiyo, na kipenyo kikubwa kuliko vyote kinachoingia. Hata hivyo hutapata muujiza, kwa sababu tatizo liko kwenye gia. Viwanda vinalijua hilo. Yamaha hutengeneza 9.9 ya msukumo mkubwa yenye uwiano wa gia 2.92 inayozungusha propela pana polepole, na Mercury ina matoleo iliyoyaita Bigfoot, ambapo mashine ya 60 ina uwiano wa 2.33 badala ya 1.83 ya kawaida. Kwa mashua nzito, farasi 9.9 wa aina hiyo wanaweza kusukuma kwa utulivu kuliko 15 za kawaida. Mwenye mashua anayefikiria kuongeza farasi aanze hapo.

Maziwani hewa ni nyepesi

Mashine inayohamishwa kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza inapoteza nguvu njiani bila kuguswa. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo hupoteza takribani asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Hiyo ni zaidi ya asilimia 11: ile 15 inakuwa kama 13. Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika lililo kwenye mita 770 hivi, hasara ni kama asilimia 8. Propela iliyofaa baharini itakuwa nzito huko. Shuka inchi moja ya pichi, na kwa injini ya kabureta mwambie fundi atazame na jeti, kile kitundu kinachopitisha petroli, kwa sababu hewa imepungua lakini petroli inaingia kiasi kilekile. Plagi nyeusi zenye masizi ndizo zitakazokuonyesha.

Mapanga matatu au manne, alumini au chuma cha pua

Mapanga matatu yanatosha kwa wengi. Manne hushika maji vizuri zaidi boti ikiwa nzito, hutikisa kidogo, na hukaa majini bahari ikichafuka, jambo ambalo wasafirishaji wa abiria hulipenda wakati wa kusi. Yanatoza kasi kidogo kwenye mwendo wa mwisho. Ukihama kutoka matatu kwenda manne, shusha pichi inchi moja ili mizunguko ibaki palepale.

Tazama pia ukingo wa nyuma wa panga. Propela nyingine zimekunjwa kidogo pale, kama mdomo wa kijiko. Mkunjo huo unazuia hewa na unafanya kazi kama nusu inchi hadi inchi moja ya pichi ya ziada. Ndiyo sababu propela mbili zenye namba zilezile zinaweza kutofautiana kwa mizunguko 200.

Chuma cha pua ni kigumu, mapanga yake ni membamba, hayapindi yakikandamizwa na maji, na hukupa kasi zaidi kidogo. Bei yake ni mara mbili, tatu au zaidi ya alumini. Kwenye miamba ya pwani yetu kuna sababu nyingine ya kufikiri: alumini ikigonga jiwe inakunjika au kumeguka, na hasara ni propela. Chuma cha pua kikigonga, kishindo kinaweza kupanda hadi kwenye shafti na gia. Pia chuma cha pua kwenye maji ya chumvi huharakisha kutu ya nyumba ya gia ya alumini, kwa hiyo zinki, kile kipande kinachofungwa ili kiliwe na kutu badala ya mashine, ni lazima iwepo kabla haijaliwa yote, na isipakwe rangi. Zinki iliyopakwa rangi haifanyi kazi. Kwa boti ya uvuvi inayopita juu ya miamba kila siku, chuma cha pua ni fahari tu.

Kabla ya kulaumu propela

Injini inapaa ghafla, boti haisogei. Watu wengi huanza kutafuta propela nyingine. Kwanza angalia raba. Ndani ya kitovu cha propela nyingi kuna bushi ya mpira iliyoshindiliwa kati ya meno ya shafti na mwili wa propela, kazi yake ni kuteleza propela ikigonga kitu ili gia zisivunjike. Ikichoka huteleza hata bila kugonga. Jaribio lake ni rahisi: chora mstari mmoja wa rangi ya kucha nyuma ya propela, uanzie kwenye bushi ya ndani upite hadi kwenye mwili wa nje. Nenda majini, fungua mafuta, rudi utazame. Mstari ukiwa umekatika, vipande viwili havitazamani, raba imekwisha. Inaweza kushindiliwa nyingine kwa presi. Kupigilia misumari au kuchomelea bushi ili isiteleze ni kuondoa kinga pekee iliyokuwepo kati ya mwamba na gia.

Mashine ndogo, zile za farasi 2 hadi 5 hivi, nyingi hazina raba bali pini inayokatika. Hapo ndipo msumari huingia badala ya pini. Msumari mnene wa chuma haukatiki kwa wakati, na kinachokatika badala yake ni kitu cha bei. Pini halisi ni ndogo, tembea nazo tano mfukoni.

La pili ni hewa. Boti ikikata kona au wimbi likipita chini ya tezi, propela inavuta hewa kutoka juu au moshi wake yenyewe, inapoteza mshiko, injini inafoka. Pima urefu wa mashine: bamba la mlalo lililo juu ya propela linatakiwa liwe usawa mmoja na chini ya boti, au chini yake kwa kiasi kisichozidi milimita 25. Mashine za shingo fupi ni za ubao wa tezi wa inchi 15, shingo ndefu inchi 20. Shingo fupi iliyofungwa kwenye tezi ya inchi 20 haitashika maji hata ukinunua propela ya dhahabu. Ikiwa chini mno nayo inaburuta maji na kula mwendo.

Mapanga yenye vishimo vidogovidogo kana kwamba yameliwa na asidi ni jambo jingine. Hapo maji yamechemka kwa mgandamizo kushuka, si kwa joto, na vipovu vinapopasuka vinamega chuma. Mara nyingi chanzo ni ukingo wa mbele wa panga uliomeguka, au kifaa kama kitambuzi cha sonari kilichofungwa mbele ya propela. Nyoosha ukingo kwa tupa laini, rudisha umbo la awali, usinoe kama kisu.

Kuifunga

Toa klipu ya usalama na waya za plagi, weka gia huru ikiwa unataka kuzungusha propela kwa mkono, lakini usiguse kabla waya hazijatoka. Weka kipande cha mbao kati ya panga na bamba la juu ili isizunguke. Nyoosha pini ya kufungia, itoe, fungua nati, kisha toa washa, kibati cha nafasi na propela. Mbele kabisa, karibu na nyumba ya gia, kuna washa nene yenye mteremko. Hiyo hubaki imenata kwenye grisi au huanguka majini bila kuonekana. Bila hiyo, msukumo wote wa boti unakandamiza mahali pasipostahili.

Kabla ya kurudisha, tazama nyuma ya propela. Uzi wa mshipi au wa jarife hujizungusha pale ukawa mgumu kama plastiki, na joto la msuguano hukata sili. Mafuta ya gia yakigeuka rangi ya maziwa, maji yameshaingia. Ng'oa uzi wote kwa kisu na ncha ya bisibisi, pangusa meno, paka grisi ya baharini kwenye meno yote, si kwenye ncha tu. Propela iliyofungwa kavu baharini, baada ya mwaka, hutoka kwa nyundo na moto.

Kaza nati kwa kipimo cha kitabu cha mashine. Tundu la pini lisipolingana na mkato wa nati, kaza mbele kidogo mpaka lilingane, usirudishe nyuma. Pini iwe mpya na ya chuma kisichopata kutu. Kipande cha waya wa kufungia nondo hakidumu.

Propela ya akiba iwemo ndani ya boti, pamoja na nati, washa, pini mbili na spana inayoingia kwenye nati hiyo. Wengi hubeba ile ya zamani iliyopinda. Ingekuwa busara akiba hiyo iwe nzima na pichi yake iwe inchi moja au mbili chini ya ile ya kila siku: siku mkipata samaki kupita kiasi, au mkilazimika kuvuta boti nyingine iliyoharibika, mnaifunga mahali maji yalipo ya kiunoni, na mashine inarudi nyumbani ndani ya kiwango chake.